Joho la Mwenye Vichwa Vinne

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine hulisema hilo kwa maringo, wakimaanisha kwamba wanapenda familia zao. Mimi nalisema kama mgonjwa anavyotaja ugonjwa wake. Niliosoma nao walikwenda Dar, wakaenda migodini Geita, wakaenda Nansio kununua dagaa. Mimi nikaenda barazani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nyumba yetu haihitaji kufuli kwa kuwa ina mume. Nilipomaliza kidato cha nne, kwa matokeo ambayo hayakumshangaza mtu, nilijifunza ushonaji kwa sababu moja tu: katika kazi hiyo wateja wanakufuata wenyewe.

Baraza lenyewe lilikuwa Pasiansi, kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kihindi, mjane, aliyezaliwa hapa hapa Mwanza na anayekijua Kisukuma kuliko mimi Msukuma. Sisi tulipanga vyumba viwili vya uani. Kwa hisani yake cherehani yangu ikakaa baraza la mbele, lililozungushiwa ukuta wenye dirisha, penye upepo wa ziwa na watu wanaopita. Hapo ndipo nilipokutana na yule mwenye vichwa vinne.

Alikuwa sanamu ya shaba, kimo chake kama jogoo aliyesimama, ndani ya kishubaka ukutani, mkabala na cherehani yangu. Pua nne, ndevu nne, mikono minne. Macho yake sikuweza kuyahesabu, kwa sababu uso wa nyuma ulielekea ukutani na sikuwahi kuuona, na hilo lilinikera kuliko mengine yote. Mtu mwenye sura tatu unazoziona unaweza kumzoea. Ile ya nne inafanya nini huko nyuma?

Mniwie radhi, ndivyo nilivyo. Nikiuziwa maziwa huyatazama kama askari anavyotazama leseni. Mteja akiniambia "fundi, sina haraka," najua ana harusi kesho. Kwa hiyo sikuweza kukaa mbele ya kitu cha namna ile bila kukifanyia uchunguzi.

"Bibi," nilimwambia asubuhi moja, alipotoka na kitambaa chake cha kufutia vumbi, "huyu ni nani?"

"Brahma. Ndiye aliyeumba."

"Aliumba nini?"

"Aliumba nini! Wewe, mimi, ziwa, sato, cherehani yako."

"Cherehani imetoka China, Bibi."

"Na Mchina nani alimwumba?"

Basi bwana, kuanzia hapo kila alipofuta vumbi mimi niliuliza, na kila alipojibu nilizidi kushuku. Alinionyesha vitu ambavyo huyo Brahma ameshika, kimoja kila mkono. Kitabu, kwa sababu maarifa yote yalitoka vinywani mwake, kila kinywa na fungu lake la maandiko, vyote vinne vikisema kwa pamoja. Nikawaza, nyumba yenye mashangazi wanne. Chombo kidogo cha maji, maji yale ambayo kila kitu kilianzia humo. Upawa wa kumiminia sadaka ya samli motoni. Na shanga, za kuhesabia nyakati.

"Silaha je?"

"Hana silaha."

"Mungu hana hata fimbo?"

"Ya nini? Anaumba. Wewe unashona na panga?"

Alikaa juu ya ua la yungiyungi. Bibi alisema ua lile liliota majini kabla ya kuwapo kitu chochote, na yeye akazaliwa ndani yake. Alipofumbua macho hakuona mtu. Akatazama huku, akatazama kule, mbele na nyuma, akimtafuta aliyemleta, na kila alipogeuka sura nyingine ikamwota. Halafu akashuka ndani ya bua la ua lile, akashuka weee, amtafute aliyelipanda. Hakumpata. Akarudi juu, akakaa, akafikiri, na kwa kule kufikiri tu dunia ikatokea.

Hadithi hii niliipenda. Mungu anaamka, na jambo la kwanza ni kushuku. Halafu anaukosa ushahidi, anarudi kukaa kwake. Nikamwambia Bibi kwamba mimi na huyu bwana tungeelewana. Zaidi aliponieleza kuwa siku yake moja ni mamilioni juu ya mamilioni ya miaka yetu, na kwamba jioni yake ikifika analala, na dunia nzima inakunjwa kama mkeka mpaka atakapoamka. Mke wangu aliyasikia hayo kupitia dirishani akasema, "Haya, mwenzako huyo. Tofauti ni kwamba yeye alifanya kazi kwanza."

Kilichoniharibia ni hadithi ya pili. Wiki nyingine Bibi alisema vichwa vile viliota kwa sababu nyingine kabisa. Brahma alimwumba mwanamke kutoka kwake mwenyewe, akawa mzuri mno, muumba mwenyewe akashindwa kuondoa macho. Mwanamke kwa haya akasogea kulia, kikaota kichwa kulia. Akajificha nyuma, kikaota nyuma; akakimbilia kushoto, kikaota kushoto. Akaruka juu, kikaota cha tano kikitazama juu, na hicho mungu mwingine alikikata kwa hasira. Ndiyo maana, alisema, mahekalu yake ni machache sana duniani, na watu hawamwombi nyumbani.

"Bibi, juzi ulisema alikuwa anamtafuta aliyemleta. Leo unasema alikuwa anatazama mwanamke. Ipi kweli?"

"Zote."

"Haziwezi kuwa zote."

"Ana vichwa vinne, fundi. Wewe una kimoja, ndiyo maana unachoka."

Akaenda zake. Mimi nikabaki nahesabu. Mke wangu alikuwa akipita mbele ya kishubaka kile kila siku akienda shuleni anakofundisha, na akirudi.

Sasa niseme lililokuwa linatuuma. Tangu tuhamie nyumba ile mke wangu alikuwa amebeba mimba mbili, na zote mbili ziliharibika. Tulikwenda kliniki, tukapimwa, tukaambiwa mambo haya hutokea. Hilo ni jibu la kitaalamu, lakini usiku halikupi usingizi. Na sasa alikuwa na ya tatu, imefika mbali kuliko zile za mwanzo, tumbo linaonekana. Daktari alimwambia asisafiri, asibebe vitu vizito, apumzike. Mimi nilikuwa nikimtazama akipanda ngazi mbili za baraza kama mtu anayetazama yai likibingirika mezani.

Mama mkwe yuko Bukoba, Mkatoliki wa kweli kweli, mwanamke ambaye hata parokoni wanamwogopa kidogo. Aliomba atumiwe picha ya mwanawe na tumbo. Mke wangu akajipiga picha barazani, akaituma kwa simu. Jibu lilikuja upesi, kwa sauti, na mimi nilikuwa karibu nikaisikia:

"Mwanangu, tumbo nimeliona. Hicho nyuma ya bega lako ni nini?"

"Wapi, Mama?"

"Usinifanye mjinga. Nimeivuta picha. Kina vichwa vingapi?"

Hapakuwa na mjadala mrefu. Mama alisema anakuja na meli, na atakaporudi atarudi na binti yake, akajifungulie kwao kama wanawake wenye akili. Akaongeza, "Mimba mbili zimeliwa mbele ya macho yenu, na mumeo amekaa hapo hapo anashona vifungo."

Wanaojua mambo watanielewa. Safari ya ziwa kwa mwanamke aliyeambiwa asisafiri ilikuwa hofu ya kwanza. Hofu ya pili ilikuwa yangu peke yangu. Mama mkwe hakuwahi kuona ninachofaa. Binti akishafika kwao, akazalia huko, akalelewa na mama na shangazi na ndizi na senene, ni nani atamkumbusha kwamba Mwanza kuna fundi? Nilikuwa nampoteza mke, na huenda na mtoto, kwa ajili ya pembe ya picha.

Ubaya ni kwamba maneno ya mama mkwe yaliniingia. Nikaanza kumchunguza Bibi. Ndani kwake alikuwa na miungu wengine kwenye kabati la kioo, na hao kila asubuhi waliwashiwa ubani, wakapewa ua na tunda. Huyu wa barazani alifutwa vumbi, basi. Hapewi kitu. Mtu mwingine angesema, kumbe ni pambo tu. Mimi nikajiuliza: asiyelishwa na mwenye nyumba, anakula kwa nani?

Nilimwuliza kwa mzunguko. "Bibi, huyu mbona hakai ndani na wenzake?"

"Ndugu zangu walipohama kila mtu alichukua wake. Huyu hakuna aliyemtaka. Haombwi, sasa umpeleke wapi? Nikamwambia, kaa hapo uone watu." Akacheka. "Kama wewe."

Nilicheka pia, lakini nilisogeza kiti.

Nikapanga mpango. Ningemfunika. Mama mkwe akifika asimwone, hasira zipungue, mke wangu apate nafasi ya kumwambia habari za daktari. Kumwomba Bibi amwondoe niliona aibu. Unamwambiaje mtu kwenye nyumba yake aliyekupa baraza bure, "ondoa mungu wako, mkwe wangu anakuja"? Kufunika tu, kama tunavyofunika redio.

Kosa langu ni kwamba mimi ni fundi. Mtu mwingine angetupia gunia akaenda zake. Nilitupia kipande cha kitambaa, kikakaa juu ya vichwa kama mtu aliyetekwa, kikatisha zaidi kuliko sanamu yenyewe. Nikashona mfuko wa kuvuta kamba. Mikono minne ikauinua, ukavimba kwapani. Sasa hapo sikuweza kuvumilia. Watu wapite waione kazi yangu imevimba kwapani? Nikachukua futi, nikampima. Nikamtoa hata kwenye kishubaka, na hatimaye nikauona uso wa nyuma. Ulikuwa sawasawa na ile mingine, ila umejaa utando wa buibui. Nikaufuta. Sijui kwa nini niliufuta.

Kitambaa nilichokuwa nacho kilikuwa mabaki ya majoho ya kwaya, satini ya zambarau, na utepe wa dhahabu uliobaki. Nikakata mapande, nikamtolea mikono minne, kola pana, pindo chini lifunike ua lote. Kwa vichwa nikatengeneza kofia moja ya duara yenye ukingo mpana pande zote, ili anayetazama akiwa amesimama asione nyuso, na mama mkwe ni mrefu. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikamtazama. Joho lilikuwa limekaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwanakwaya yeyote wa Mwanza. Katika maisha yangu sijawahi kuficha kitu kikaonekana vile.

Bibi alitoka na kitambaa chake cha vumbi. Akasimama. Kitambaa kikaanguka.

"Fundi," alisema. "Umemvika."

"Hapana Bibi, ni kwa ajili ya vumbi."

"Umemvika nguo." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Tangu nimeolewa kwenye nyumba hii hakuna aliyemvika. Mama mkwe wangu hakumvika. Mimi sikumvika. Wewe Msukuma ndiye umekuja kumvika!"

Nilijaribu kueleza habari ya vumbi mara nyingine, lakini nani anasikiliza vumbi wakati mtu analia? Hapo ndipo nilipojifunza, kwa kuchelewa, kwamba kwao kuvalisha sanamu ni ibada, tena ya heshima, watu huishonea miungu nguo za sikukuu. Akaingia ndani mbio kwa miguu yake ile ya magoti mabovu, akatoka na sahani ya vitamutamu vya maziwa, akanipa kimoja mdomoni kwa mkono wake, na kabla sijameza akachovya kidole kwenye unga mwekundu akanibandika alama katikati ya paji la uso.

Bajaji ikasimama langoni.

Nilijua kabla sijageuka. Mkungu wa ndizi ulishuka kwanza, halafu kapu, halafu kitenge, halafu mama mkwe mwenyewe, mrefu kama mnara wa simu, rozari imeviringishwa mkononi na chupa ya soda yenye maji ya baraka. Akaona baraza. Akaona sanamu imevaa joho la kwaya. Akaniona mimi, mkwewe, alama nyekundu usoni, shavu limejaa sadaka.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye ana kwa ana, na kwao wana yao yanayofanana na hayo, kwa hiyo sote wawili tuligeukia upande kwa heshima. Ila yeye aligeuka akisema, kwa sauti ya kufika uani:

"Mwanangu! Mwulize mume wako amebatizwa upya lini!"

Mke wangu alitoka ameshika kiuno. Alinitazama, akatazama joho, na najua alitaka kucheka kwa sababu nayajua mashavu yake.

"Shikamoo Mama. Karibu."

"Marahaba. Sikaribii. Mwambie nimemwona."

"Amesikia, Mama, yuko hapo."

"Mwambie tu." Akasogea hatua moja kuelekea kishubaka, akainama chini ya ule ukingo wa kofia niliodhani una akili. "Na huyu naye ana rozari? Kaitoa wapi?"

"Ni shanga za kuhesabia wakati," nilimwambia mke wangu amwambie.

"Wakati wa nani?" mama mkwe aliuliza ukuta.

Kuanzia saa ile nilikuwa mkimbizi. Mama mkwe alikaa chumba cha nje; mimi sikuweza kupita. Akitoka uani, nilikwenda barazani. Akija barazani kukagua, nilikwenda barabarani. Mimi, barabarani! Wateja waliniona nimesimama kwenye jua kama nguzo wakaniuliza nimefiwa na nani. Kila ujumbe ulipitia kwa mke wangu. "Mwambie meli inaondoka mwisho wa wiki." "Mwambie Mama daktari amekataza." "Mwambie daktari halali kwenye nyumba hii." Maji ya baraka yalinyunyizwa kila pembe, na joho likapata matone yake, nalo halikuchuja rangi. Nilijisikia fahari kidogo, nikajilaumu.

Bibi aliniita kando ya tangi la maji.

"Fundi, umemvika. Sasa omba. Huyu hakatai. Ukimfanyia jambo kwa moyo, anatoa. Hata mashetani walimwomba akawapa."

Hilo la mashetani halikunituliza. Nikauliza ilikuwaje. Akanipa habari ya mmoja aliyefunga na kujitesa mpaka Brahma akaja kumwuliza anataka nini. Akasema, nisiuliwe na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje. Akapewa, bila swali. Akaanza kuonea watu. Mwisho mungu mwingine akamjia nusu mtu nusu simba, wakati wa magharibi, akamwua kizingitini.

"Kizingitini?"

"Ndiyo. Si ndani, si nje."

"Bibi, hapo ndipo ninapokaa mimi siku zote."

Nilikataa kuomba. Nilikuwa na jambo la kuomba, tena lilikuwa limenijaa mpaka kooni, lakini mtoaji asiyeuliza unataka ya nini, mimi nitamwaminije? Hata duka la mkopo hukuuliza. Bibi alinitazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau.

"Basi nitakuombea mimi," akasema. Na hapo nikapata jambo jipya la kushuku.

Lililovunja mambo halikutoka kwangu. Mama mkwe alichoka kusema na kuta, akamfuata Bibi barazani. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, kwenye jua langu, nikasikia yote. Mke wangu alikuwa ameketi kati yao, miguu juu ya kigoda.

"Mama," mama mkwe alianza, kwa adabu, maana Bibi alimzidi umri, "nikuulize neno. Wewe umezaa wangapi?"

"Watano."

"Wako wapi?"

"Wawili wako ng'ambo. Watatu waliondoka wadogo. Hapa hapa."

Mama mkwe akauliza: "Na huyu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Nilisikia kigoda kikisogea. Mama mkwe hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angepandisha. "Mwanangu, umesikia kwa masikio yako. Si mimi niliyesema."

"Umeuliza kama alikuwepo," Bibi alisema. "Hujauliza alifanya nini. Hakufanya kitu. Nilimwendea nikamlilia, wa kwanza, wa pili. Wakubwa wangu wakaniambia, binti, unamlilia asiyehusika. Huyu kazi yake ni kuumba. Akishaumba amemaliza. Kulinda ni kazi ya mwingine, na kuondoa ni ya mwingine. Watatu wale yeye alinipa. Sikuweza kumchukia mtu aliyenipa."

Mimi pale nje nilikuwa na shati la mteja mkononi, na nilikuwa nimelikunja mpaka halikunjiki tena. Katika uchunguzi wangu wote, ndevu na shanga na ule uso wa nyuma, sikuwa nimewahi kumwuliza Bibi alizaa wangapi.

Mama mkwe alipojibu, sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi. "Pole, mama. Lakini sisi hatutafuti wa kuumba. Ameshaumbwa. Sisi tunamtafuta huyo wa kulinda."

"Hata mimi ningemtafuta," Bibi alisema.

Hapo ndipo mke wangu alipofungua mdomo, na alisema kwa sauti ya darasani, ile inayonyamazisha chumba kizima.

"Mna hakika mmemaliza? Maana mwenye tumbo ni mimi, na tangu meli ifike hakuna aliyeniuliza. Mama, Bukoba siendi. Daktari amesema nisisafiri, na mimi nimechoka kupoteza. Nikipoteza huyu majini sitakusamehe, na sitaki kuishi hivyo na wewe." Akageuka. "Bibi, nakuheshimu. Lakini nyumba hii nimelia humu mara mbili. Nikipita ukumbini nakumbuka. Simlaumu huyu mwenye vichwa, silaumu mtu. Sitaki tu kujifungulia hapa nikiwa nasikiliza kila hatua. Kuna mwalimu mwenzangu ana vyumba Mkolani. Tunahamia huko. Mama unakuja na sisi, utanipikia ndizi. Na wewe uliye dirishani, nakuona kivuli."

"Mwambie Mama..." nilianza.

"Simwambii mtu. Unakuja au unabaki barazani?"

Mtu asiye wa nyumbani hawezi kujua swali lile lilivyokuwa. Upepo ule, wateja wale walionizoea, kiti kilichoshika umbo langu. Na mke wangu, akinisubiri kwa uso wa mtu ambaye kweli hajui nitajibu nini. Huo uso ndio ulioniumiza. Miaka yote ya utani wake wa kufuli na mume, kumbe ndani yake alikuwa na swali.

Nikaingia kupitia mlangoni, mbele ya mama mkwe, kinyume cha desturi zote, nikainua kichwa cha cherehani kutoka mezani. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge. Kutoka ndani ya kitenge alisema, "Mwambie asiinue kwa mgongo, ainue kwa magoti." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu yasiyo ya lawama.

Bibi alitusindikiza mpaka langoni. Joho alikuwa hajalivua, na sikumwomba. Nilimnong'oneza, "Bibi, uliniombea nini?"

"Nilimwambia akutoe nje kidogo," akasema, "upate jua."

Sijui kama ni utani. Mpaka leo najiuliza, na bibi yule hasemi uongo, anasema zote.

Mkolani hakuna ziwa, kuna mawe, na dirisha langu lilitazama ukuta wa jirani. Nilishona vibaya wiki nzima ya kwanza. Mama mkwe alipika, alisali, alitembea na mwanawe mpaka kwenye jiwe kubwa na kurudi, akimhesabia pumzi. Mimi nilitumwa dukani, hospitali, sokoni, nikaujua mji ambao nimezaliwa humo. Na siku ilipofika, mke wangu aliingia wodini kwa miguu yake, akatoka na binti, mzima, mweusi wa kumeta, mwenye kelele. Mama mkwe alilia akamsahau kila mtu, hata akanishika mkono, tukaangaliana, tukageuka upande haraka.

Alinipa agizo moja, kupitia kwa mke wangu, siku nilipotaka kwenda Pasiansi kumpa Bibi habari: nisiseme kitu kuhusu mtoto zaidi ya kwamba yupo. Nikamwona amezidisha. Nikaenda.

Bibi alinikalisha kwenye kiti changu cha zamani. Alipiga makofi, akaleta vitamutamu, akaniuliza afya ya mama, uzito wa mtoto, nani kafanana naye. Nilijibu yote kwa furaha. Halafu akafuta miwani akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Alizaliwa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi saa ngapi? Na dakika?"

Kwa nini dakika? Wanaosoma nyota ya mtoto ndio hutaka dakika. Nilimtazama usoni. Alikuwa mzee aliyefurahi, mwenye unga wa sukari kidevuni. Alikuwa mtu ambaye alinipa baraza bure, aliyefiwa na watatu kwenye nyumba hii na bado anafuta vumbi. Dakika nilikuwa naijua. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa wodi, natazama saa ya ukutani, na siwezi kuisahau nikitaka.

"Asubuhi tu, Bibi," nikasema. "Sikuangalia."

Akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Mwongo wewe," akasema. "Haya, umeshakuwa baba. Kula."

Nikala. Lakini kwanza nilikigeuza kile kitamutamu, nikakitazama upande wa chini.